Hewa Huibia Kopo, Maji Huibia Mizani

Kila Ramadhani inapofika ukingoni, swali lile lile huzuka misikitini, redioni na kwenye makundi ya simu: pishi moja ni kilo ngapi? Mmoja atajibu kilo mbili na nusu. Mwingine atasema kilo tatu, afadhali izidi kuliko ipungue. Wa tatu atataja gramu mpaka za mwisho. Mtoaji wa Zakatul-Fitr, sadaka ya chakula inayopimwa kwa pishi, hubaki akijiuliza amfuate nani, na wengine huona haya kuuliza mara ya pili.

Majibu hayo yanatofautiana kwa sababu ya msingi kabisa. Pishi ni chombo. Pishi ni vibaba vinne, na kibaba kinakaribia ujazo wa viganja viwili vya mtu mzima vilivyokutanishwa, kama kipimo cha Madina kiitwacho saa kilivyokuwa mudi nne. Chombo hakina uzito wake mpaka utakapokijaza kitu, na uzito utakaoupata utategemea ulichokitia. Tende zitakuwa na uzito wao, mchele wake, unga wake.

Chukua chombo cha lita 3, ambacho hakiko mbali na pishi, ukijaze na kukisawazisha mdomoni. Mchele mkavu utapima kilo 2.4 au 2.5. Maharage yatapima kilo 2.3 hivi, na mahindi makavu kilo 2.2. Sukari itapita kilo 2.5 kidogo. Unga wa sembe uliomiminwa bila kushindiliwa hautafika kilo 2. Chumvi laini itakaribia kilo 3 na nusu, na karanga zilizo katika maganda yake hazitafika hata kilo moja. Chombo ni kile kile na mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni densiti, yaani kiasi cha tungamo kilichomo katika kila lita ya nafasi.

Nimelianza jambo hili kwenye pishi kwa kuwa wengi wetu tunaliona kama mjadala wa siku moja kwa mwaka. Ukweli ni kwamba tunaishi nalo kila siku, sokoni, gengeni na jikoni. Masoko yetu yanapima kwa njia mbili. Kuna kupima kwa chombo: kisado, kopo, debe, ndoo, gunia, gorogoro kwa ndugu zetu wa Kenya. Na kuna kupima kwa mizani. Watu hudhani njia ya kwanza ni ya kienyeji na ya pili ni ya kisasa, kwa hiyo ya pili ndiyo ya haki. Mimi sikubaliani na hilo moja kwa moja. Kila njia ina mwizi wake. Hewa huibia kopo, maji huibia mizani, na mnunuzi asiyewajua wezi hao wawili hupunjwa akitazama kwa macho yake mwenyewe.

Hewa iliyomo ndani ya kopo

Jaza bilauri kwa gololi za watoto mpaka juu, kisha mimina maji polepole ukipima ni kiasi gani kimeingia kabla ya kufurika. Utashangaa. Karibu sehemu mbili kati ya tano za bilauri uliyodhani imejaa zilikuwa tupu. Nafaka ni hivyo hivyo. Punje moja ya mahindi, ukiipima peke yake, ni nzito kuliko maji na huzama. Lakini lita nzima ya mahindi hupima robo tatu ya kilo au pungufu, wakati lita ya maji hupima kilo moja. Tofauti hiyo yote ni hewa iliyojificha kati ya punje na punje.

Hewa hiyo haiwezi kuondolewa yote. Muuza machungwa anayepanga matunda yake kwa umbo la piramidi, kila chungwa likikaa katika kishimo kilichoachwa na yale ya chini yake, amefikia mpangilio ambao hakuna mwingine unaobana zaidi. Mwanafalaki wa Kijerumani Johannes Kepler alilisema hilo mwaka 1611 bila kuweza kulithibitisha. Uthibitisho ulitangazwa na Mmarekani Thomas Hales mwaka 1998, na kazi ya kuukagua kwa kompyuta, hatua kwa hatua, ikakamilika mwaka 2014. Zaidi ya miaka 400 ilipita ili hesabu iafikiane na wauza machungwa. Na hata katika mpangilio huo bora kuliko yote, zaidi kidogo ya robo ya nafasi hubaki hewa. Nafaka inayomiminwa ovyo hubaki na hewa nyingi zaidi ya hapo.

Hapo ndipo mkono wa anayepima unapoingia. Kopo likijazwa kwa kumiminwa taratibu kutoka juu, punje hutua zilivyo na kuacha mianya mikubwa. Kopo lile lile likigongwa mara tatu mezani, punje hujipanga upya na mdomo unashuka. Kwa mchele tofauti ni ndogo. Kwa unga ni kubwa mno. Kikombe cha mililita 250 cha unga wa ngano uliochekechwa kinaweza kuwa na gramu 120, na kikombe hicho hicho kikichotwa kwa kushindilia ndani ya mfuko kikatoa gramu 150 au zaidi. Ndiyo maana wapishi wawili hufuata maelezo yale yale ya maandazi, vikombe vitatu vya unga na kimoja cha maji, mmoja akatoa maandazi laini na mwingine akatoa magumu, kisha wakalaumu hamira. Kila ninapopata nafasi huwashauri wanaouza vitafunio wanunue mizani ndogo ya jikoni kabla ya kununua mashine nyingine yoyote.

Wazee wa pwani walilijua jambo hili vizuri. Walipokubaliana bei walitaja pia aina ya kipimo: kibaba cha mfuto, kilichopanguswa kikawa sawa na mdomo, au kibaba cha tele, chenye kilele juu yake. Hakukuwa na nafasi ya kugombana baadaye. Leo tunasema "kisado kimoja" na kuishia hapo, na kilele kimebaki kuwa hisani ya muuzaji.

Kilele hicho kina thamani gani? Chukua ndoo ya lita 20 yenye mdomo wa upana wa sentimita 30. Mahindi yakirundikwa juu yake hadi kimo cha sentimita 8, kilele hicho peke yake ni karibu lita 1.9, sawa na kilo 1.4. Ndoo sita zikijaza gunia, vilele sita ni zaidi ya kilo 8. Mkulima anayeuza kwa ndoo za tele na kulipwa kama za mfuto ametoa kilo 8 bure kwa kila gunia, na hajaibiwa kwa hila yoyote ya siri. Amepunjwa mchana, watu wakitazama.

Lumbesa ni kilele hicho kilichokomaa. Gunia hujazwa, likashindiliwa kwa mguu ili hewa itoke, kisha likaongezewa kofia ya kamba au ya kipande cha gunia jingine, na bado likaitwa gunia moja. Tanzania imeipiga marufuku lumbesa, na Kenya iliweka katika kanuni zake za viazi za mwaka 2019 kikomo cha kilo 50 kwa mfuko. Bado magunia yenye vichwa hupita barabarani. Na hapa kuna jambo ambalo linaniuma zaidi ya mengine yote katika habari hii. Mnunuzi wa shambani hushindilia na kuweka kilele. Mazao yale yale yakifika mjini, anayeuza rejareja humimina kwa upole na kusawazisha. Hewa iliyotolewa kwa nguvu shambani inarudishwa kwa ustadi mjini. Mwenye kopo ndiye mwenye neno, na mara nyingi si mkulima wala mama anayenunua kisado kimoja cha jioni. Wanaopunjwa pande zote mbili ni watu wenye kipato kidogo.

Mafuta na asali

Vitu vya majimaji havina mianya ya hewa, kwa hiyo kopo huwa na haki zaidi kwa vitu hivyo. Tatizo lake ni mazoea yetu ya kuchanganya lita na kilo. Kwa maji hazina tofauti ya maana, na mazoea yametoka huko. Lakini lita ya mafuta ya alizeti hupima gramu 920 tu. Dumu la lita 20 ni kilo 18.4. Anayeuziwa "kilo" ya mafuta kwa chombo cha lita moja amekosa gramu 80.

Kwa asali mambo yanageuka, tena kwa kishindo. Lita moja ya asali iliyokomaa hupima karibu kilo 1.4. Mfugaji nyuki anayekubali bei ya kilo kisha akapimiwa kwa chupa za lita moja ametoa zaidi ya theluthi ya kilo bure kwa kila chupa. Nimewahi kuona majadiliano marefu ya bei ya asali ambayo pande zote mbili zilitaja namba ile ile, mmoja akiwa na lita kichwani na mwingine kilo. Asali iliyoongezwa maji huwa nyepesi, na mizani hulibaini hilo. Ila iliyochanganywa na shira ya sukari haibainiki kwa uzito, maana shira nayo ni nzito.

Maji yaliyomo kwenye mizani

Sasa tuje kwa mwizi wa pili. Mizani haidanganywi na hewa. Ukimimina taratibu au ukishindilia, kilo ni kilo. Lakini mizani haijui inachopima. Kwake mahindi na maji yaliyomo ndani ya mahindi ni mzigo mmoja.

Gunia la kilo 100 la mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 lina kilo 82 za mahindi yenyewe na kilo 18 za maji. Yakikaushwa mpaka asilimia 13.5, ambayo ndiyo kikomo kilichowekwa na kiwango cha Afrika Mashariki, gunia lile lile litapima chini kidogo ya kilo 95. Aliyelinunua likiwa bichi amelipia zaidi ya kilo 5 za maji kwa bei ya chakula. Hesabu hiyo inahusu kahawa, karafuu, korosho, mwani na kila kinachoanikwa.

Fedha si jambo baya kuliko yote hapo. Mahindi yenye unyevu mwingi ndiyo hustawisha ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo kutokana na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, na 125 kati yao wakafariki. Unyevu ulioongeza uzito ndio huo huo uliowaua. Kwa hiyo naomba kila nyumba inayonunua mahindi ya kuweka ijue kipimo hiki ambacho hakihitaji kifaa. Chukua chupa ya kioo iliyo safi na kavu kabisa, ijaze mahindi theluthi moja, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, ifunge na kuitikisa kwa dakika moja. Iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mahindi hayo hayajawa tayari kuwekwa ghalani. Ikianguka chini yote, yamekauka vya kutosha kuwekwa.

Maziwa yana ujanja wake. Lita ya maziwa halisi ya ng'ombe hupima karibu kilo 1.03, nzito kidogo kuliko maji kwa ajili ya sukari, protini na madini yaliyomo. Mtu akitia sehemu moja ya maji kwa sehemu nne za maziwa, uzito wa lita unashuka hadi kilo 1.024, na laktomita ikizamishwa ndani yake huzama zaidi ya kawaida. Kifaa hicho cha kioo kinachoelea kimeokoa vyama vingi vya wafugaji. Ila kina upofu mmoja: mafuta ya maziwa ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo ukiengua malai, maziwa yanakuwa mazito zaidi, na unaweza kuyarudisha kwenye kipimo chake kwa kuyatia maji. Laktomita itasema yako sawa. Ndiyo maana vituo vya kukusanyia maziwa vilivyo makini hupima pia mafuta.

Mkaa unaonekana mwepesi kuuelewa lakini una wezi wote wawili. Kilo moja ya mkaa mkavu uliochomwa vizuri huwa na nishati ya karibu megajuli 28 hadi 30, uwe umetoka kwenye mti mgumu wa miombo au kwenye mwembe. Tofauti iko kwenye ujazo. Mti wenye densiti ndogo hutoa mkaa mwepesi, wenye matundu mengi, na kopo lake huisha jikoni kabla maharage hayajaiva. Mpishi mzoefu huchukua vipande viwili akavigonganisha. Mkaa mzuri hutoa mlio mkali wa chuma, mbaya hutoa sauti butu. Anapima densiti kwa sikio. Kwa hiyo mtu angedhani suluhisho ni kuuza mkaa kwa kilo, na mimi niliwahi kuliunga mkono wazo hilo bila masharti. Lakini mkaa hunywa maji. Ukinyeshewa au ukimwagiwa usiku, asubuhi kilo zimeongezeka na moto umepungua, kwa kuwa sehemu ya moto huo italazimika kwanza kuyachemsha maji yenyewe. Kwa mkaa uliolowa, kopo ndilo lenye haki na mizani ndiyo yenye hila. Mwenye kuununua kwa kilo aununue kiangazi, au avunje kipande aone ndani yake.

Kuna kitu kimoja ambacho maji na hewa hushirikiana kukiharibia hesabu, nacho ni mchanga wa kujengea. Watu wengi huamini mchanga mbichi hushikana na kuchukua nafasi ndogo. Ni kinyume chake. Maji kidogo, asilimia 5 au 6 tu ya uzito, hutengeneza utando kuzunguka kila chembe na kuzizuia chembe zisikaribiane. Mchanga laini huweza kuvimba kwa robo na zaidi. Lori lililojaa mchanga wenye unyevunyevu limebeba mchanga mchache kuliko lililojaa mchanga mkavu, na mwenye nyumba amelipa bei moja. Fundi naye anayepima kwa karai au toroli hutia mchanga pungufu bila kujua, saruji ikaisha kabla ya hesabu, na mwenye nyumba akaanza kumshuku fundi kwamba anauza mifuko. Kabla ya ugomvi huo, jaza mchanga kwenye chupa iliyo wazi mpaka theluthi mbili, weka alama, kisha mimina maji mengi na ukoroge. Mchanga ukilowa chapachapa, utando ule huvunjika na chembe hushuka mpaka kimo chake cha mchanga mkavu. Pengo kati ya alama na kimo kipya ndiyo hewa uliyoinunua.

Vitu vya nyumbani vinavyojitambulisha kwa uzito

Yai huanza maisha yake likiwa zito kuliko maji. Ganda lake lina maelfu ya vitundu vidogo, na kila siku maji hutoka kama mvuke, hewa ikaingia kwenye kifuko kilicho upande wake mnene. Yai jipya huzama na kulala chali. La wiki kadhaa husimama. Lililozeeka huelea. Kuelea kunaonyesha umri tu, na yai la zamani huweza bado kuliwa. Livunje kwenye bakuli pembeni, na pua itamaliza kazi.

Chupa ya maji ya kunywa ina plastiki mbili. Kata kipande cha chupa yenyewe na kipande cha kifuniko, uvitumbukize majini. Cha chupa huzama, kwa kuwa plastiki yake ina densiti ya karibu 1.38. Cha kifuniko huelea, kwa kuwa chake kiko chini ya 1. Viwanda vinavyochakata taka za plastiki husaga chupa na vifuniko pamoja, kisha huvitenganisha kwenye birika la maji, bila kemikali yoyote.

Mpingo huzama. Ni miongoni mwa miti michache yenye densiti inayopita ya maji, karibu 1.2 hadi 1.3, na ndiyo maana watengenezaji wa zumari za Ulaya huutafuta sana huku Lindi na Mtwara. Mninga, mvule na mtiki huelea. Kinyago kinachouzwa kwa bei ya mpingo, kikiwa chepesi mkononi na kinaacha rangi kwenye kitambaa, ni mti mwingine uliopakwa kiwi. Nawatetea wachongaji wa kweli wa Kimakonde kwa kusema hili, maana kila kinyago cha uongo hupunguza thamani ya jasho lao.

Kwa madini kuna njia ya zamani na ya uhakika. Watu humtaja Archimedes na taji la mfalme wa Sirakusa, lakini aliyelifanya jambo hili kuwa kazi ya vipimo hasa ni Al-Biruni, katika karne ya 11, aliyetumia chombo chenye mrija mdogo ubavuni ili kukusanya na kupima maji yaliyofurishwa na kila madini na kila kito. Mwaka 1121 Al-Khazini akaandika Mizan al-Hikma, kitabu kizima kuhusu mizani na densiti. Jikoni kwako unaweza kulifanya hivi. Weka bilauri ya maji juu ya mizani ya kielektroniki na uirudishe kwenye sifuri. Funga kitu chako kwa uzi, kizamishe kikining'inia bila kugusa chini wala kando. Namba itakayoonekana, kwa gramu, ndiyo ujazo wa kitu hicho kwa mililita. Gawanya uzito wake mkavu kwa namba hiyo. Mchi wa gramu 850 ukionyesha 100, densiti ni 8.5, na huo ni wa shaba ya njano. Alumini itatoa 2.7, chuma karibu 7.9, fedha 10.5, dhahabu safi 19.3. Dhahabu ya karati 18 huwa kati ya 15 na 16. Kwa pete ndogo mizani ya jikoni haitoshi, nenda kwa sonara mwenye mizani inayosoma sehemu za mia za gramu. Na ujue pia kwamba madini ya tangsteni yana densiti ile ile ya dhahabu, jambo ambalo matapeli wa vipande vikubwa wamelitumia.

Mtungi wa gesi ni chombo pekee jikoni ambacho huwezi kuchungulia ndani. Huko mizani ndiyo jicho lako. Kila mtungi umechongwa au kuandikwa uzito wake ukiwa mtupu. Upime ulivyo, toa namba hiyo, kinachobaki ni gesi uliyouziwa. Kwa mtungi wa kilo 6 baki iwe kilo 6. Gesi hiyo ni mchanganyiko wa propani na butani, na ikivuja ni nzito kuliko hewa: propani mara moja na nusu, butani mara mbili. Hutambaa sakafuni na kutuama pembeni na chini ya makabati, hivyo dirisha la juu halitoshi. Fungua mlango mpana, funga koki, usiguse swichi yoyote. Wanaotumia gesi asilia ya bomba kutoka Songosongo na Mnazi Bay wako katika hali tofauti, kwa kuwa hiyo ni methani, nyepesi kuliko hewa, nayo hupanda darini.

Tunachoweza kudai

Kopo lina haki ukilinganisha kitu kikavu na kitu kama hicho, kwa mfuto. Mizani ina haki ikiwa kilichopimwa ni kikavu. Mwenye kujua hayo mawili ataomba unga, nyanya na viazi kwa kilo, atanunua mkaa uliolowa kwa kopo au ataukataa kabisa, na atauliza unyevu kabla ya kuuliza bei ya gunia. Naamini pia kila soko lilipaswa kuwa na mizani moja ya umma langoni, isiyo ya mfanyabiashara yeyote, mtu apimie hapo mzigo wake akitoka. Ni gharama ndogo kwa halmashauri inayokusanya ushuru kila siku, na ingewasaidia wauzaji waaminifu, ambao ni wengi, kuliko mtu mwingine yeyote.

Kwa sasa, tazama muhuri wa uhakiki wa Wakala wa Vipimo kwenye mizani. Na ukiwa na mashaka, omba ruhusa upime chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu ambayo haijafunguliwa. Maji yake ni kilo 1.5 kasoro gramu chache kwa joto la kwetu, chupa yenyewe inaongeza gramu thelathini hivi, kwa hiyo mizani nzima husoma karibu 1.52. Ikisoma 1.7 kwa muuza sukari, au 1.3 kwa mnunuzi wa korosho, muhuri uwepo usiwepo, mizani hiyo haifai.